Shajara za Vita: Toleo Lipi Lifike Same, na kwa Bei Gani

Mtu wa Same anayekusanya vitabu vya zamani hununua kwa picha. Kitabu kipo Amsterdam, London au Leipzig. Yeye yupo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na katikati kuna posta, forodha, na muuzaji aliyeandika "hali nzuri" juu ya kitu ambacho mnunuzi hajakishika. Akikosea toleo ndiyo basi, maana nauli ya kukirudisha inaweza kuzidi bei aliyolipa. Kwa hiyo makala haya yanazungumzia matoleo na bei kuliko sifa za waandishi, na yanashika aina moja tu ya vitabu: shajara na kumbukumbu za vita, hasa tafsiri zake za mwanzo.

Tafsiri nimezichagua kwa sababu ya mfuko. Chapa ya kwanza ya kitabu mashuhuri, kwa lugha kilichoandikiwa, huwa imeshapaa mahali ambapo mshahara wa mwalimu haufiki. Tafsiri iliyotoka miaka mitatu baadaye inaweza kuwa imechapwa kwa nakala chache vilevile, ikawa na umri karibu uleule, na bado ikauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Soko la vitabu vya kale halipimi uchache peke yake. Linapima ni watu wangapi wenye fedha wanakitaka kitabu hicho, na wanasoma lugha gani. Akilijua hilo, mnunuzi wa kipato cha kawaida ana nafasi.

Tuanze na shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika akiwa mafichoni Amsterdam, maana ndiyo inayojulikana kuliko zote na bei zake zinafundisha. Ilitoka Amsterdam tarehe 25 Juni 1947 kwa jina la Het Achterhuis, mchapishaji akiwa kampuni ya Contact, nakala 3,036. Uholanzi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, na kitabu hakikutengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa miaka themanini baadaye. Nakala ya chapa hiyo ikiwa bado na karatasi yake ya jalada huuzwa kwa maelfu ya dola. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni bei ya bodaboda mpya, na kwa nakala safi sana ni bodaboda kadhaa. Tuwaachie wenye nazo.

Mwaka 1950 ndipo zilipotoka tafsiri mbili za kwanza. Moja ilitoka Paris kwa Calmann-Lévy, imefasiriwa na Tylia Caren na Suzanne Lombard. Ya pili ilitoka Heidelberg kwa mchapishaji Lambert Schneider, imefasiriwa na Anneliese Schütz, nakala 4,500. Kiingereza kilisubiri hadi 1952, na hapo kikaja kwa mikono miwili: Vallentine Mitchell jijini London na Doubleday jijini New York. Tafsiri ni ileile ya Barbara Mooyaart-Doubleday, lakini dibaji ni mbili tofauti. Ya London iliandikwa na Storm Jameson, ya New York ilitiwa jina la Eleanor Roosevelt. Mwaka huohuo Wajapani nao wakapata yao.

Sasa linganisha. Doubleday walianza na nakala 5,000, yaani zaidi ya zile za Heidelberg, na walichelewa kwa miaka miwili. Kwa hesabu ya uchache na umri, kitabu cha Kijerumani kilipaswa kuwa ghali zaidi. Haiko hivyo mara nyingi. Nakala ya kwanza ya New York yenye karatasi yake ya jalada huombwa mamia ya dola, na iliyo safi hupita elfu. Ya Paris hupatikana kwa makumi ya euro, ikipanda sana inafika mia na kitu. Ya Heidelberg huelea katikati.

Sababu inaeleweka. Tarehe 15 Juni 1952 gazeti la New York Times lilitoa tahakiki ya Meyer Levin iliyokisifu kitabu, na chapa ya kwanza ikaisha upesi. Mwaka 1955 ukaja mchezo wa jukwaani, mwaka uliofuata mchezo huo ukapata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1959 ikatoka filamu. Wamarekani wengi walikutana na Anne Frank shuleni kupitia kitabu hicho, na baadhi yao walipozeeka na kupata fedha wakarudi kuitafuta nakala ya kwanza waliyoijua. Mfaransa aliyekisoma mwaka 1950 hana wenzake wengi wa kumpandishia bei.

London ina kisa chake. Waingereza hawakukichangamkia kitabu, na toleo la Vallentine Mitchell likatoweka madukani ndani ya muda mfupi. Aliyekiokoa ni Pan, wachapishaji wa vitabu vya bei nafuu, waliokitoa kwa jalada laini mwaka 1954. Matokeo yake kwa mnunuzi wa leo ni mawili: toleo la London la 1952 ni adimu kuliko la New York kwa mtu anayelitafuta likiwa kamili, na toleo la Pan la 1954 ni la bei ya kawaida, dola chache hadi makumi machache kulingana na hali yake. Lina miaka zaidi ya sabini, lina tafsiri ya kwanza ya Kiingereza neno kwa neno, na ndilo toleo lililomfikia msomaji wa kawaida wa Kiingereza nje ya Marekani. Ujerumani nako mambo yalienda hivyohivyo. Mwaka 1955 Fischer walikitoa kwa jalada laini, kikauzwa kwa malaki, na nakala za mwaka huo bado zinapatikana kwa euro chache.

Kama unakusanya ili usome, jua kwamba matoleo haya hayafanani ndani. Tafsiri ya Kiingereza ilibeba vipande ambavyo mchapishaji wa Amsterdam aliviacha mwaka 1947. Tafsiri ya Kijerumani ilipunguza makali mahali ambapo msichana yule alisema wazi juu ya Wajerumani. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuiandika upya shajara yake mwaka 1944, baada ya kusikia redioni kwamba serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni itataka kumbukumbu za raia vita vikiisha, na baba yake, Otto Frank, ndiye aliyeunganisha maandiko hayo kuwa kitabu. Toleo la kitaalamu linaloweka maandiko hayo ubavu kwa ubavu lilitoka mwaka 1986. Toleo lililopanuliwa lilitoka 1991, na Kiingereza chake, cha Susan Massotty, mwaka 1995. Hilo la 1995 ndilo la kumpa mwanafunzi. La zamani ni la kumwonyesha dunia ilikisoma vipi mara ya kwanza, na dunia hiyo inafika hadi kwetu kusini: Nelson Mandela alisema, alipofungua maonyesho ya Anne Frank Johannesburg mwaka 1994, kwamba baadhi ya wafungwa wa Robben Island walikisoma kitabu hicho wakiwa kifungoni.

Kuhusu mitego nitakuwa mkali kidogo, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Doubleday walichapa pia kwa ajili ya klabu ya vitabu, na matoleo ya klabu yamejaa kwenye mitandao yakiitwa "toleo la kwanza 1952" kwa sababu ukurasa wa hakimiliki una mwaka huo. Mwombe muuzaji picha ya pembe ya ndani ya karatasi ya jalada. Ikiwa haina bei iliyochapwa, au imekatwa, shuku. Omba pia picha ya jalada gumu la nyuma upande wa chini, kwa sababu vitabu vingi vya klabu huwa na alama ndogo iliyobonyezwa hapo. Kisha uliza swali moja kwa maandishi: je, karatasi ya jalada ni ya kitabu hiki, ni ya nakala nyingine, au imechapwa upya? Muuzaji mwaminifu atajibu. Asiyejibu, mpite. Karatasi hiyo peke yake ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei, na mimi binafsi sioni sababu ya mtu wa Same kuilipia. Nunua kitabu kisicho nayo, uokoe zaidi ya nusu ya fedha.

Hayo ni ya Ulaya. Lakini Same nayo ilipitiwa na vita, na vita hivyo vina vitabu vyake, na hapo bei zinageuka kichwa chini miguu juu.

Reli ya Usambara, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilikuwa mshipa wa Vita vya Kwanza vya Dunia kati ya Wajerumani na Waingereza upande huu wa kaskazini. Mwanzoni mwa Novemba 1914 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyasafirisha majeshi yake kwa treni kutoka Moshi hadi Tanga kuwazuia Waingereza waliotua kutoka India, na njia hiyo haina namna ya kuikwepa Same. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likashuka likifuata upande huu: kundi moja kandokando ya Mto Pangani, jingine kwenye reli, jingine kupitia pengo la Ngulu katikati ya milima. Wajerumani walirudi nyuma wakiharibu reli. Waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa Waafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa.

Kitabu mashuhuri cha vita hivyo ni kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, Meine Erinnerungen aus Ostafrika, kilichotolewa na Koehler, Leipzig, mwaka 1920. Si shajara ya siku kwa siku, ila kinafuata mwendo wa vita mwaka hadi mwaka, na mkusanyaji wa shajara hawezi kukiruka. Tafsiri ya Kiingereza, My Reminiscences of East Africa, ilitoka mwaka huohuo London kwa Hurst and Blackett. Payot wa Paris walitoa ya Kifaransa mwaka 1933. Mwaka 1957 Robert Speller wa New York alitoa tena Kiingereza kwa jina jipya, East African Campaigns, na utangulizi wa John Gunther.

Kwa Anne Frank, asili ni ghali na tafsiri ni nafuu. Kwa Lettow-Vorbeck asili ndiyo nafuu. Ujerumani ya mwaka 1920 ilikuwa imeshindwa vita, ikawa na njaa ya shujaa asiyeshindwa, na jenerali aliyesalimu amri Novemba 1918 baada ya kusikia kwamba vita vimekwisha Ulaya aliwafaa sana. Kitabu kilichapwa kwa wingi, kikakaa kwenye rafu za mababu, na leo wajukuu wanakiuza kwa makumi machache ya euro, yaani shilingi laki moja au chini. Toleo la London la mwaka uleule hutafutwa na wakusanyaji wa historia ya kijeshi Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, kwa hiyo huombwa pauni mia na zaidi. La New York la 1957 ndilo daraja la wenye busara: ni Kiingereza, lina jalada gumu, na bei yake kwa kawaida iko chini sana ya ile ya 1920.

Jihadhari na Heia Safari!, kilichotolewa na Koehler huyohuyo mwaka 1920. Hicho ni kitabu cha jenerali yuleyule kilichoandikwa kwa ajili ya vijana wa Kijerumani. Wauzaji wengine hukichanganya na kumbukumbu zenyewe. Kina picha za kupendeza na maneno mengi ya kujisifu, na kwa maoni yangu hakistahili nauli ya kukileta huku. Na ukumbuke kwamba vitabu vingi vya Kijerumani vya wakati huo vilichapwa kwa herufi za kale ambazo hata Mjerumani kijana wa leo huzisoma kwa taabu. Mwalimu wa Same aliyesoma Kijerumani kidogo chuoni asidhani atakipitia kwa wikiendi moja.

Lipo jambo jingine ambalo tangazo la muuzaji halikuambii. Jeshi la Smuts lilipopita Same, Lettow-Vorbeck hakuwepo. Alikuwa ameshahamia upande wa Kondoa, na aliyeachiwa kazi ya kuchelewesha adui kwenye reli alikuwa Meja Kraut. Kwa hiyo ukinunua kumbukumbu za jenerali ukitarajia kuiona milima ya Upare mwezi ule wa Mei, utapata kidogo.

Aliyekuwepo ni daktari. Francis Brett Young alikuwa mganga wa jeshi pamoja na kikosi cha Rhodesia, akatembea na safu iliyoshuka kando ya Pangani akiwa na milima hii mkono wake wa kushoto, kisha homa ikamrudisha kwao. Kitabu chake, Marching on Tanga, kilitolewa na Collins mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, na toleo lenye picha za rangi likafuata 1919. Baadaye akawa mwandishi maarufu wa riwaya Uingereza, halafu akasahaulika, na kusahaulika kwake ndiko kunakokufaa wewe: matoleo yote mawili hupatikana kwa makumi ya pauni, na mara nyingine chini ya hapo. Ana macho. Anaona vumbi, kiu, mbung'o, ng'ombe wanaokufa njiani, na ukuta wa mlima unaomfuata siku baada ya siku. Upungufu wake ni ule wa wengi wa zama zake: mpagazi anaonekana kama sehemu ya mandhari. Hata hivyo, kwa mtu anayetoka Hedaru, Makanya au Mwembe, sijaona kitabu cha zamani kinachotoa zaidi kwa fedha kidogo kuliko hiki. Kati ya chapa mbili, mimi ningechukua ya 1919 kwa ajili ya picha, ingawa mkusanyaji halisi atang'ang'ania 1917.

Kuna kitabu kimoja chenye neno shajara kwenye jina lake ambacho nakutahadharisha nacho. Army Diary cha Richard Meinertzhagen, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Waingereza katika vita hivi, kilitolewa Edinburgh na Oliver and Boyd mwaka 1960. Kinasomeka kama riwaya, na huenda sehemu zake ni riwaya kweli. Mtu huyo alikuja kujulikana kwa kuiba ndege waliokaushwa katika makumbusho na kuwawekea taarifa za uongo, na mwaka 2007 Brian Garfield alichapisha kitabu kizima kinachoonyesha kwamba mambo mengi katika shajara zake yalibuniwa au kuandikwa upya miaka mingi baadaye. Bei yake imebaki juu kwa sababu ya sifa hiyohiyo mbaya. Ukikinunua, kiweke upande wa vitu vya ajabu, usikitumie darasani.

Sauti ya Mwafrika katika vita hivyo inauzwa wapi? Mzee Ali, kilichotolewa Afrika Kusini mwaka 2006, ni simulizi ya askari wa Wajerumani ilivyoandikwa na Bror MacDonell, na bei yake ni ya kitabu cha kawaida. Ni simulizi iliyopita mkononi mwa mzungu na kukaa miaka mingi kabla ya kuchapwa, kwa hiyo isome ukijua hivyo. Lakini kwa anayetaka shajara hasa, yenye tarehe, iliyoandikwa na Mwafrika Mashariki katikati ya vita, na yenye tafsiri ya mapema ya kukusanya, jibu liko jirani Kenya. Gakaara wa Wanjau alikamatwa mwaka 1952 na kuandika kwa siri akiwa katika kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau. Maandishi hayo yalitolewa kwa Kikuyu na Heinemann wa Nairobi mwaka 1983, yakapata tuzo ya Noma mwaka 1984, na tafsiri ya Kiingereza, Mau Mau Author in Detention, ikatoka 1988. Kitabu cha 1983 ni adimu kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu kilisomwa na watu badala ya kuhifadhiwa. Tafsiri ya 1988 bado inapatikana kwa bei ya chini, na Nairobi ni mwendo wa basi moja kupitia Namanga au Taveta. Muulize muuza vitabu vya mitumba wa huko kabla ya kumuuliza wa London.

Kwa kuwa tumetaja nyumbani, niseme neno kuhusu vitabu viwili visivyo shajara. Mwaka huohuo wa 1916 ambapo majeshi yalipita chini ya milima, Leipzig kilichapwa kitabu cha mmishonari Jakob Dannholz wa Mbaga kuhusu imani za Wapare. Mwenzake wa Kiadventista, Ernst Kotz, akatoa chake Hamburg mwaka 1922. Cha Dannholz kilikuja kufasiriwa kwa Kiingereza kikaitwa Lute: The Curse and the Blessing, mwaka 1989. Ukikutana na hicho cha 1989 mahali popote kwa bei ya chakula cha mchana, usibishane.

Sasa gharama ambazo tangazo halizitaji. Nauli ya posta kutoka Ulaya kwa kitabu kimoja mara nyingi hulingana na bei ya kitabu cha bei nafuu au kuipita, kwa hiyo nunua viwili vitatu kwa muuzaji mmoja aviweke pamoja. Tovuti za AbeBooks na ZVAB, ambayo ni ya soko la Kijerumani, hukuwezesha kuona vitabu vingine vya muuzaji yuleyule. Chagua usafirishaji wenye namba ya kufuatilia hata kama unaongeza gharama. Anayetumia sanduku la posta la shule au la usharika aandike jina lake kamili na namba ya simu, la sivyo kifurushi kitakaa ofisini kwa mkuu hadi mtu aulize. Malipo kwa kadi pepe inayofunguliwa kwenye simu hufanya kazi kwa wauzaji wengi, ila kiwango cha kubadilisha fedha hukipangi wewe.

Kuhusu forodha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Vitabu vilivyochapwa vinaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha. Lakini katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, vitabu viko sura ya 49, na kitu chenye umri unaozidi miaka 100 huhamia sura ya 97, pamoja na kazi za sanaa na vitu vya kale, ambako masharti ni mengine. Pan ya 1954 bado ni kitabu. Collins ya 1917 na Koehler ya 1920 zimeshavuka mstari huo. Ulizia TRA kabla ya kulipia nakala ya gharama kubwa, na mwambie muuzaji aandike kwenye fomu maelezo na thamani halisi. Kudanganya thamani kunaonekana ujanja mpaka kifurushi kipotee na fidia ilipwe kwa bei uliyoiandika.

Kikishafika, mahali unapoishi ndani ya wilaya panabadilisha kila kitu. Mjini Same na tambarare zote za chini hewa ni kavu, karatasi inaipenda, lakini kuna vumbi, jua kali la dirishani na mchwa. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali linatosha, mbali na ukuta. Ukiwa Mbaga, Chome au Mamba, chini ya misitu ya Shengena, adui ni ukungu. Kitabu kilichofungiwa kwenye mfuko wa plastiki huko juu kitaota madoa kabla ya masika mawili. Kiache kipumue kwenye rafu ya wazi na ukifungue mara kwa mara. Mwenye nyumba kote kuwili akiache bondeni.

Na je, kama fedha hakuna kabisa? Tafsiri ya Kiingereza ya Lettow-Vorbeck ya 1920 na kitabu cha Brett Young vinasomeka bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Kitabu cha jenerali kina kurasa zaidi ya 300. Steshenari ikitoza shilingi 100 kwa ukurasa, unakipata kwa elfu thelathini na kitu, na spairo juu yake. Usifanye hivyo kwa Anne Frank, kwani haki zake bado zinalindwa katika nchi nyingi. Na usinunue kile kinachotangazwa mtandaoni kama "1920" kwa dola 15 chenye jalada jipya linalong'aa. Hicho ni faili lilelile la bure lililochapwa kwa oda, wakati mwingine na kurasa zilizopinda. Afadhali steshenari.

Kwa shilingi laki moja, pamoja na nauli, nunua Pan ya 1954 isiyo na makunyanzi makubwa. Kwa laki tatu, ongeza Marching on Tanga ya 1919, na tafsiri ya Gakaara ya 1988 ukiagiza Nairobi. Kwa laki tano na kuendelea, chukua Lettow-Vorbeck wa New York wa 1957 na Anne Frank wa Paris wa 1950 asiye na karatasi ya jalada, hata kama Kifaransa hukijui, kwa sababu hakuna toleo jingine la mwaka huo litakalokugharimu kidogo namna hiyo. Heidelberg ya 1950 ingoje hadi muuzaji apunguze. Doubleday ya 1952 usiiguse kwa bei ya sasa.